Kilemba cha Fundi: Uanagenzi wa Bagamoyo na Pwani ya Kaskazini

Uanagenzi ni kujifunza kazi kwa kuifanya chini ya fundi aliyekwisha kuimudu. Katika pwani ya Mrima, kutoka Kunduchi kupita Bagamoyo na Saadani hadi Pangani, njia hiyo ndiyo iliyojenga karibu kila kitu cha kale kinachoonekana leo: misikiti ya mawe, makaburi ya nguzo, nyumba za chokaa, milango ya nakshi, mashua na majahazi. Chuo kilikuwapo tangu zamani, lakini kilikuwa chuo cha Kurani. Kazi ya mikono ilifundishwa palepale ilipofanywa, na uhai wake ulitegemea kama yupo mtu wa kuiagiza. Hilo la mwisho ndilo linaloeleza kwa nini ufundi mmoja wa pwani hii umedumu na mwingine umepotea, na historia yote ya uanagenzi wa Bagamoyo inaweza kusomwa kwa jicho hilo.

Ushahidi wa zamani zaidi uko Kaole, kilomita tano hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo, ambako magofu ya misikiti na makaburi yalichimbuliwa na mwanaakiolojia Neville Chittick mwaka 1958. Msikiti wa mwanzo unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Hakuna maandishi yanayowataja waashi wake, ila kuta zenyewe zinasema jinsi kazi ilivyogawanywa. Mawe magumu ya kuta yalichimbwa nchi kavu. Mihrabu na miimo ya milango ilitaka jiwe la aina nyingine, tumbawe laini linalokatwa baharini, ambalo huchongeka likiwa bichi na kuwa gumu likikauka. Fundi alipaswa kujua saa ya kulichonga, na hilo halijulikani kwa kuambiwa.

Chokaa nayo ilikuwa elimu nzima. Magogo yalipangwa duara, matumbawe yakarundikwa juu yake, tanuri likawashwa na kuachwa liungue hadi mawe yawe meupe na mepesi. Baada ya hapo chokaa ilimwagiwa maji, au ikaachwa inyeshewe, ikalala miezi kadhaa kabla ya kutumika. Chokaa iliyoharakishwa hupasuka ukutani. Mwanafunzi wa uashi alianza kwa kubeba mawe na maji, akaingia katika kundi la kupigilia sakafu, na miaka ikapita kabla hajaachiwa kona ya ukuta peke yake. Hata upana wa vyumba ulikuwa somo: boriti za mikoko hazikuweza kuvuka nafasi kubwa zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo nyumba ya mawe ya pwani ni ndefu na nyembamba, na mwashi aliijua hesabu hiyo pasipo kuandika tarakimu yoyote.

Namna ya kuingia kazini ilifanana kutoka ufundi mmoja hadi mwingine. Mzazi au mjomba alimpeleka kijana kwa fundi, mara nyingi ndugu au jirani, na kumkabidhi. Mshahara haukuwapo. Kijana alikula kwa fundi au alipewa cha kutwa, naye akatumwa sokoni, akachota maji, akanoa vyombo, akafagia takataka za mbao. Wengi wameudharau utumishi huo kuwa ni unyonyaji mtupu, na hakika haukukosa unyonyaji, lakini ulikuwa na kazi yake: ulimweka kijana karibu na fundi kutwa nzima, macho yake yakiwa huru kutazama. Uhunzi unaonyesha jambo hili vizuri kuliko kazi yoyote. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, Waswahili wamesema, nao walimaanisha hivyo hasa. Kijana aliyeketi kwenye mivukuto aliongoza moto, na ili auongoze sawasawa ilimlazimu aisome rangi ya chuma kama mhunzi anavyoisoma. Siku aliyopewa nyundo, nusu ya kazi alikuwa ameshaijua.

Uingereza, sheria ya mwaka 1563 ilimtaka mwanagenzi atumikie miaka saba kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi kwa jina lake. Pwani haikuwa na sheria kama hiyo, wala chama cha mafundi chenye mhuri na daftari. Muda uliamuliwa na fundi. Aliporidhika, kijana alitoa kilemba, yaani zawadi ya kuhitimu, iwe nguo au fedha, kulingana na uwezo wa jamaa zake. Desturi hiyohiyo ilimhusu mwalimu wa Kurani mwanafunzi wake anapohitimu. Kilemba kilikuwa malipo, lakini pia kilikuwa tangazo: kuanzia siku ile watu walijua kwamba fulani ametolewa na fundi fulani, na jina la fundi likawa ndilo cheti. Aliyeondoka pasipo radhi ya fundi wake angeweza kufanya kazi, ila sifa yake iliyumba.

Picha hii isipambwe kupita kiasi. Katika karne ya 19 mafundi wengi wa miji ya pwani walikuwa watumwa. Bwana alimpeleka mtumwa wake kwa fundi kwa sababu mtumwa mwenye ufundi alikuwa na faida kubwa zaidi: aliweza kukodishwa mjini, na sehemu ya ujira wake ikaenda kwa bwana. Uashi, useremala na ushoni vilirithishwa hivyo pia. Kwa baadhi yao ufundi ulikuwa mlango wa kupata nafasi, hata nyumba na ada ya kujikomboa. Kwa wengine ulizidisha tu thamani yao kwa mwenye mali. Serikali ya Kijerumani ilitangaza kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 chini ya Waingereza.

Upande wa wanawake haukuandikwa sana, ingawa kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa sehemu za Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, kina mengi kuhusu malezi. *Desturi za Wasuaheli*, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, kinabaki kuwa chanzo kikubwa cha habari za maisha ya Mrima wakati ule. Msichana alijifunza kusuka kwa bibi, shangazi au mama: kwanza kuchana na kuanika miyaa, kisha kuitia rangi, kisha kusuka ukili mwembamba, na mwisho kabisa kushona ukili kuwa mkeka. Elimu ya utu uzima ilikuwa na mlezi wake maalumu, kungwi au somo, ambaye naye alikuwa amelelewa na kungwi aliyemtangulia. Kwa Wazaramo na Wakwere mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, na aliyekichonga alikuwa fundi aliyefuzu kwa mchongaji mwingine. Malezi ya mwali yakawa yanawapa wachongaji kazi.

Bagamoyo yenyewe ilikua upesi katikati ya karne ya 19, pale misafara ya pembe kutoka Unyamwezi na Tabora ilipoifanya kuwa mwisho wa safari. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliposhuka Kaole mwaka 1857, njia ya bara ilikuwa imeshazoeleka. Misafara ilikuwa na uanagenzi wake: kijana wa Kinyamwezi alianza kwa mizigo myepesi, akazoea vituo vya maji na tozo za njiani, na aliyebahatika akawa kirangozi, kiongozi wa njia. Mjini, fedha ya misafara iliagiza nyumba, milango na vyombo. Wafanyabiashara wa Kihindi walileta ladha yao ya nakshi, na wachongaji wakajifunza maua mapya ya kuchora kwenye mfaa na vizingiti vya milango. Ufundi wa vyombo vya baharini ndio uliopata zaidi, maana kila pembe na kila mzigo wa nguo ulivuka kati ya Bagamoyo na Unguja.

Ufukwe wa Bagamoyo una mafundi mashua hadi leo, na hapo ndipo uanagenzi wa zamani unapoweza kutazamwa kwa karibu. Hakuna ramani. Mwenye chombo na fundi hupatana urefu wa mkuku, mti wa chini unaobeba chombo kizima, na vipimo vingine fundi huvitoa humo, kwa shibiri, mkono na pima, na kwa jicho. Mkuku hulazwa, gubeti husimamishwa mbele na fashini nyuma, mbao za ubavu zikafuata. Mataruma, yaani mbavu za ndani, hayapindwi, hutafutwa yakiwa yamepinda yenyewe mtini. Kwa hiyo somo la kwanza lenye uzito hutolewa porini. Fundi husimama chini ya mti, hutazama tawi, na huona ndani yake taruma la karibu na gubeti au la katikati ya chombo. Mwanafunzi hubeba shoka. Mara ya kwanza haoni kitu. Akishaambatana na fundi vya kutosha, huanza kunyoosha kidole kabla ya fundi.

Zana ni chache: shoka, tezo, msumeno, patasi, nyundo na keke, ile ya kutobolea inayozungushwa kwa uta. Keke hushikwa mapema, kwani mti mgumu ukipigwa msumari kabla ya kutobolewa hupasuka, na matundu ya chombo kimoja ni mengi mno kwa fundi kuyamaliza peke yake. Kijana hutoboa, huzungushia shingo ya msumari pamba iliyoloweshwa mafuta, humpa fundi apigilie. Baadaye huingizwa kwenye kalafati: pamba husokotwa, hutiwa mafuta, kisha hushindiliwa kwenye nyufa za mbao kwa patasi butu. Ikiwa nyepesi maji huingia, ikiwa nzito mno mbao husukumana. Fundi aliyekaa upande wa pili wa chombo husikiliza mlio wa nyundo na kujua kijana anashindilia vipi bila kwenda kutazama. Tezo ndiyo ya mwisho kuachiwa mwanafunzi, na sababu ni ya wazi kwa yeyote aliyeona makali yake yakipita karibu na vidole vya mguu. Chini ya chombo hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, ili kuwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Hapo mwashi na fundi mashua wote hutegemea tanuri moja.

Baharini kwenyewe mtoto alianzia jikoni na ngamani, kupika na kukumba maji, kabla ya kugusa tanga. Nahodha alijua kaskazi na kusi, miamba na mikondo, naye aliyajua kwa kukaa miaka mingi pembeni mwa nahodha mwingine.

Shirika la kwanza kuondoa uanagenzi katika mikono ya mafundi wa mji na kuuweka chini ya paa lake lilikuwa la Mapadre wa Roho Mtakatifu. Walikuwa wameanza Unguja, ambako karakana zao za uhunzi na useremala zilifanya kazi hata kwa meli zilizotia nanga. Mwaka 1868 Padre Antoine Horner alihamishia kitovu cha misheni Bagamoyo, kwenye ardhi pana kaskazini mwa mji. Watoto waliokombolewa utumwani waligawiwa siku yao kati ya darasa, kanisa na kazi. Wengi walipelekwa shambani, na wenye mkono mwepesi wakafundishwa useremala, uhunzi, uashi na ushoni chini ya mabruda wa Kizungu. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha majengo, na kwa namna fulani ikawa ndiyo mtihani wa wanafunzi hao: nyumba kubwa za mawe zilizosimama katika miaka ya 1870 zilijengwa na mikono ya misheni yenyewe.

Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Uingereza kumshurutisha Sultani wa Unguja afunge soko la watumwa, alipita Bagamoyo mwaka 1873 akaisifu misheni hiyo kuwa mfano wa kuigwa. Miaka miwili baadaye Waanglikana wa shirika la kimisheni la CMS walikuwa na kijiji chao cha watumwa walioachwa huru, Freretown, karibu na Mombasa, nacho kilikuwa na karakana. Wazo lenyewe lilikuwa limeshajaribiwa ng'ambo ya bahari. Huko Nasik, India, vijana wa Kiafrika waliookolewa kwenye vyombo vya watumwa walifundishwa kusoma na kazi za mikono, na mmoja wa wanafunzi wa huko, Jacob Wainwright, alikuwamo kwenye msafara ulioleta mwili wa msafiri David Livingstone Bagamoyo mwezi Februari 1874.

Tofauti kati ya karakana ya misheni na kibanda cha fundi ilikuwa kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa fundi, kazi ya mteja ndiyo iliyomlisha mwanafunzi. Kwenye misheni, mlishaji alikuwa misheni, na mteja mkuu alikuwa misheni hiyohiyo. Kijana aliyehitimu hakutoa kilemba na kwenda zake. Alioa, akapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo, au akatumwa bara kuanzisha kituo kipya, kama ilivyokuwa Mhonda mwaka 1877. Kwa hiyo ufundi huo ulisafiri zaidi hadi Uluguru na Nguu kuliko ulivyoenea mitaani Bagamoyo. Ndani ya mji, Waislamu waliendelea kuwapeleka watoto kwa mafundi wao.

Makao ya utawala wa Kijerumani yalihamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati ilipoanzia huko, misafara ya Bagamoyo ikanyauka. Nyumba za mawe ziliacha kuagizwa. Mafundi wa chokaa hawakukataa kufundisha, wala vijana hawakukataa kujifunza. Hapakuwa na cha kujifunzia. Wakati huohuo Tanga ilipata shule ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1890, iliyokuwa na karakana za useremala na uchapaji, na gazeti la *Kiongozi* lilichapwa hapo. Waingereza waliongeza shule za ufundi na mitihani ya daraja, na tangu hapo fundi wa Tanganyika akawa wa aina mbili, mwenye cheti na asiye nacho.

Baada ya uhuru, Bagamoyo ilichaguliwa kuwa mahali pa kufundishia mambo mawili yaliyokuwa yakirithishwa nyumbani. La kwanza ni uvuvi. Kituo cha Mbegani, kusini kidogo mwa mji, kilijengwa kwa msaada wa Norway na kulenga zaidi uvuvi wa vyombo vya injini, huku wavuvi waliokizunguka wakiendelea na mashua na ngalawa. Leo ni kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. La pili ni sanaa. Vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo vilizaa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Waliofundisha mwanzoni walikuwa wachezaji na wapiga ngoma waliojifunza vijijini kwao, na ikabidi watafute namna ya kumfundisha Mchaga mdundo wa Kimakonde katika muhula mmoja. Jambo ambalo mtoto wa Newala alilipata kwa kukaa ngomani tangu utotoni lilivunjwa vipande, likapewa ratiba na alama.

Hukwe Zawose aliishi kati ya njia hizo mbili. Alikuwa Mgogo, alijifunza zeze na ilimba kwao Dodoma, akaitwa Dar es Salaam zama za Mwalimu Nyerere, kisha akafanya makazi Bagamoyo na kufundisha. Nyumbani kwake alilea kikundi cha jamaa, Chibite, ambacho watoto walikua ndani yake wakipiga ala kabla ya kujua kwamba wanasoma. Alifariki Desemba 2003. Pendo na Leah, wa ukoo huohuo, walitoa albamu yao ya *Maisha* mwaka 2024 kwa jina la The Zawose Queens, wakiwa wanawake wanaoongoza muziki ambao zamani waliuitikia nyuma ya wanaume.

Nje ya taasisi hizo, uanagenzi wa zamani umehamia kazi mpya. Utingo wa lori hupakia, hubana turubai na hulala na gari kwa miaka hadi dereva amwachie usukani kwenye barabara tupu. Gereji na maeneo ya ujenzi yana saidia fundi. Badiliko kubwa ni kwamba saidia fundi hulipwa kwa siku. Ana fedha mkononi jioni, jambo jema, lakini pia anaweza kuhama kesho kwa fundi anayelipa zaidi, kwa hiyo fundi naye hana haraka ya kumwonyesha yote. Ufukweni, bei ya mbao na boti za fiberglasi zimepunguza oda za mashua mpya, na sehemu kubwa ya kazi sasa ni matengenezo. Kijana anayejifunzia kwenye matengenezo huijua kalafati vizuri, ila anaweza kukaa muda mrefu bila kuona mkuku ukilazwa.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, imekuwa na utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini: fundi hupimwa kwa vitendo, hufundishwa palipopungua, kisha hupewa cheti. Mwaka 2017 serikali ilitoa mwongozo wa taifa wa uanagenzi, ambao unagawa mafunzo kati ya chuo na mahali pa kazi na kumtaka mwajiri aweke makubaliano ya maandishi na mwanagenzi. Umewafaa zaidi waajiri wakubwa kama hoteli na viwanda. Fundi mashua asiye na ofisi, ambaye mkataba wake na mzazi wa kijana ni wa mdomo, bado anafundisha nje ya mwongozo huo.